Theluji ya Majira ya Kuchipua na Saa Zake za Hatari

Leo nataka kuwaeleza habari za theluji ya milima ya Ulaya katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, wakati baridi inapoanza kuondoka na miti kuchipua. Katika miezi hiyo watu wengi hupanda milima mirefu kwa nguvu za miguu yao, kisha hushuka kwa kuteleza juu ya theluji. Raha yake ni kubwa, na hatari yake ni kubwa vilevile. Lakini hatari hiyo kwa sehemu kubwa ina tabia moja ya ajabu: hufuata saa, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Mtu aijuaye saa yake hupita salama. Asiyeijua, au aijuaye akaidharau, huweza kuzikwa akali hai.

Huenda mmoja wenu akasema, "Theluji ni mambo ya Ulaya, yatuhusu nini sisi?" Namjibu hivi. Kwanza, theluji si ngeni katika nchi zetu. Iko Kilimanjaro, iko Mlima Kenya, iko Ruwenzori, ingawa yapungua mwaka kwa mwaka. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona juu ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na habari zake zilipofika Ulaya wako wataalamu waliokataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo pamoja na mbao zao za kutelezea, wakashuka nazo. Pili, theluji iliyolowa huporomoka kwa sababu zinazofanana sana na zile zinazoporomosha udongo wa milima yetu wakati wa masika. Basi somo hili si la mbali kama linavyodhaniwa.

Watelezaji na vyombo vyao

Mbao hizo huitwa skii. Ni mbili, ndefu na nyembamba, zimepinda juu kwa mbele kama omo ya mtumbwi, na kila mguu hufungwa wake. Skii humzuia mtu asizame, kwa kuwa uzito wake umetandazwa mahali pakubwa, kama vile mtu avukaye matope juu ya ubao asivyozama.

Watelezaji ni wa namna mbili. Wengine huteleza katika njia zilizotengenezwa, ambako mashine huwapandisha juu, na walinzi wamekwisha kuiangalia theluji, pengine wameiporomosha kwa baruti kabla watu hawajafika. Wengine huziacha njia hizo wakaenda katika milima ya porini, pasipo mashine wala mlinzi. Hao hubandika chini ya skii zao kitambaa chenye manyoya yaliyolalia upande mmoja, ambacho hukubali kwenda mbele lakini hukataa kurudi nyuma. Zamani kilikuwa ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi, na hata leo chaitwa ngozi, ingawa sasa hufanywa kwa manyoya ya mbuzi au kwa nailoni. Wakifika kileleni huibandua ngozi, wakashuka.

Safari mashuhuri ya namna hiyo ni ile itokayo Chamonix katika Ufaransa mpaka Zermatt katika Uswisi, katikati ya milima ya Alpi. Huchukua siku sita au saba hivi, na watu huiendea hasa katika miezi hiyo niliyoitaja. Usiku hulala katika nyumba za mlimani. Nyingi katika Uswisi ni za Chama cha Wapanda Milima kilichoanzishwa mwaka 1863. Habari zangu za leo ni za watu hao, maana kila mmoja wao ni mlinzi wa nafsi yake.

Namna theluji inavyolala

Theluji ya mlimani si kitu kimoja. Kila ikianguka huilalia ile iliyotangulia, tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa dukani. Tabaka moja ni gumu, jingine ni laini, na jingine lina chembe kubwa zisizoshikamana, mfano wa sukari. Tabaka gumu likilala juu ya tabaka dhaifu penye mteremko mkali, hapo pamekuwa mtego. Mtu akipita, uzito wake hulivunja lile tabaka dhaifu lisiloonekana, na la juu lote hukatika kama bamba, likashuka pamoja naye. Haya mabamba ndiyo yauayo wengi. Na katika kila watu kumi wanaokamatwa nayo wakiwa matembezini, karibu tisa bamba lao lilikatwa nao wenyewe au na wenzao wa safari ile ile. Mlima haukuwavamia, wao waliufyatua mtego.

Mabamba mengi hukatika penye mteremko wa digrii 30 mpaka 45. Ukuta uliosimama wima ni digrii 90. Mteremko wa digrii 30 ni ule ambao kwa kila hatua kumi za kwenda mbele unapanda karibu hatua sita. Mahali palipolala kuliko hapo, theluji kwa desturi hukaa. Mahali palipo wima sana, hujiangukia kidogo kidogo kila inapoanguka, isipate nafasi ya kurundikana. Kwa hiyo angalieni jambo hili: mteremko unaompendeza mtelezaji ndio ule ule unaoporomoka.

Jua la mchana na mbingu ya usiku

Majira ya kuchipua yakifika, mambo mawili hushindana juu ya theluji: jua la mchana huiyeyusha, na mbingu ya usiku huigandisha. Ni lazima tuyafahamu yote mawili.

Theluji mpya ni nyeupe mno, nayo huirudisha nuru ya jua, sehemu nane au tisa katika kumi. Ndiyo sababu huumiza macho, na watu huvaa miwani myeusi. Theluji ya zamani iliyolowa hurudisha kidogo zaidi, na iliyochafuka kidogo kuliko hiyo. Nuru isiyorudishwa hugeuka kuwa joto. Hapa bara letu la Afrika limo katika habari hii. Upepo huweza kulichukua vumbi la jangwa la Sahara, ukalivusha bahari ya Mediterania, likaanguka juu ya Alpi. Mwezi Februari mwaka 2021 vumbi hilo lilikuwa jingi hata milima ikaonekana kama imepakwa rangi ya chungwa. Theluji yenye vumbi hulinywa joto la jua, ikayeyuka upesi.

Sasa tutazame usiku. Theluji hutoa joto lake na kulipeleka juu angani, ingawa macho yetu hayalioni. Mbingu ikiwa wazi, joto hilo huenda zake lisirudi. Mawingu yakitanda, hulirudisha chini, kama blanketi limrudishiavyo mtu joto la mwili wake. Jambo hili wengi wenu mwalijua. Watu wa Limuru, wa Kericho na wa Njombe wamepata kuona asubuhi jalidi nyeupe juu ya majani, nao wajua kwamba huja baada ya usiku wa nyota nyingi, si baada ya usiku wa mawingu. Theluji nayo ni vivyo hivyo. Mbingu ikiwa wazi na hewa kavu, uso wa theluji huweza kuganda hata kama hewa iliyo juu yake haijashuka mpaka digrii sifuri. Mawingu yakiifunika mbingu usiku kucha, huenda isigande vema, na maji ya jana yakabaki ndani yake kama yalivyokuwa.

Basi mtu atakaye kujua siku itakuwaje, na auulize usiku uliotangulia.

Saa za theluji

Saa nitakazozitaja ni za hesabu yetu ya Kiswahili. Baada ya usiku wa nyota, saa kumi ya alfajiri, theluji ni ngumu. Juu yake pana ukoko, kama ule wa wali chini ya chungu, ila huu ni wa barafu. Maji yaliyokuwa katikati ya chembe yameganda, yamezishika kama saruji inavyoshika kokoto. Mtu mzima hutembea juu yake asiache hata alama ya kiatu, na mlima wote ni kama umefungwa kwa kufuli. Hatari ya saa hiyo ni kuteleza na kuanguka, maana ukoko ni kama kioo. Kwa hiyo watu hutia vyuma vyenye meno chini ya skii au viatu vyao.

Saa tatu au saa nne asubuhi, jua limekwisha kulainisha sehemu ya juu, kina cha vidole viwili hivi, na chini yake bado ni pagumu. Chembe zake ni za mviringo, mfano wa chenga za mchele zilizolowa. Theluji hii ya chenga watelezaji huisifu sana. Skii hugeuka juu yake kwa wepesi, na chini mna sakafu isiyomzamisha mtu. Ndiyo thawabu ya kuamka usiku wa manane. Lakini haidumu. Katika mteremko mmoja pengine ni saa moja, pengine ni nusu saa tu.

Baada ya hapo jua huendelea na kazi yake. Ile sakafu huyeyuka, na theluji huwa kama uji mzito. Mguu wazama mpaka kifundo, kisha mpaka goti. Hiyo ndiyo saa ya hatari. Tena saa tamu na saa ya mauti zimepakana, wala hapana ukuta wala kengele katikati yake.

Tena saa hiyo si moja kwa mlima mzima. Sisi tukaao karibu na ikweta tumezoea kuliona jua la adhuhuri mara upande wa kaskazini, mara upande wa kusini, kwa kadiri ya miezi. Katika Ulaya jua la adhuhuri liko upande wa kusini sikuzote. Kwa sababu hiyo mteremko unaoelekea mashariki hupigwa na jua la kwanza, ukalainika mapema; wa kusini hufuata; wa magharibi hulainika alasiri; na wa kaskazini huwa wa mwisho, pengine usilainike kabisa siku hiyo. Pia bondeni hulainika kabla ya kileleni. Mtu aliye kileleni penye upepo baridi huweza kudhani kwamba theluji yote ingali ngumu, kumbe huko chini atakakopita imekwisha kuwa uji.

Jinsi maji yanavyoiporomosha theluji

Chukueni mchanga mkavu mkononi: haushikamani. Utieni maji kidogo, na watoto huweza kujengea nyumba. Ongezeni maji mengi, na ile nyumba huanguka na kutiririka. Theluji ni hivyo hivyo. Maji kidogo huzivuta chembe zikashikamana. Maji yakizidi huviyeyusha viungo vilivyoziunganisha, na kila chembe ikawa peke yake. Hapo theluji huporomoka kwa njia tatu.

Njia ya kwanza, poromoko huanza mahali padogo, mara nyingi chini ya mwamba uliopashwa joto na jua. Chembe chache huzisukuma nyingine, nazo nyingine, na poromoko hupanuka kadiri lishukavyo, kama upindo wa kanzu. Huonekana dogo linapoanza, lakini laweza kumwangusha mtu na kumtupa gengeni.

Njia ya pili ni ya bamba lililolowa. Maji hupenya kwenda chini mpaka yakutane na tabaka yasiyoweza kulipita, yakatandaa hapo na kuulegeza mshiko. Hatari iliyo kubwa ni mara ya kwanza maji yanapolifikia tabaka dhaifu lililobaki tangu wakati wa baridi. Theluji iliyokwisha kulowa na kuganda siku nyingi mfululizo imekwisha kutulia. Lakini ile ya upande wa kaskazini, ambayo bado ni kavu kama ya mwezi wa Januari, ni ya kushukiwa sana siku joto linapoifikia kwa mara ya kwanza.

Njia ya tatu, theluji yote, toka juu mpaka chini, huteleza juu ya ardhi yenyewe, hasa penye majani marefu yaliyolala au mwamba laini. Kwanza hufunguka ufa mpana, kama mdomo wa samaki. Baada ya ufa kuonekana, huweza kushuka baada ya saa chache, au baada ya majuma, au isishuke kabisa. Poromoko la namna hii halifuati saa. Hushuka hata usiku. Dawa yake ni moja tu: usipite chini ya ufa, na ikiwa huna budi kupita, usisimame hapo.

Theluji mpya iliyo kavu, mita moja ya ujazo wake mara nyingi haizidi kilo 100. Theluji ya poromoko lililolowa, ujazo ule ule, huzidi kilo 500. Hushuka polepole kuliko ile kavu, lakini ni nzito ya kuvunja miti, na ikisimama hukaza kama saruji.

Sasa mwaona kwa nini nilisema somo hili si la mbali. Bududa, katika Mlima Elgon, mwezi Machi mwaka 2010, na Katesh, chini ya Mlima Hanang, mwezi Desemba mwaka 2023, mvua nyingi ililowesha mteremko. Uzito ukazidi, mshiko ukapungua, na udongo ukashuka juu ya makao ya watu. Maji ndiyo yaliyoulegeza mlima, huko kama huku.

Wachunguzi wa Davos

Watu wa Uswisi walichoka kuwazika ndugu zao bila kujua sababu. Mwaka 1936 wataalamu walijenga nyumba ndogo ya kuchunguzia theluji mahali paitwapo Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos, na mwaka 1942 ikaanzishwa taasisi kamili. Tangu mwaka 1945 taasisi hiyo hutoa taarifa za hatari ya maporomoko kwa watu wote. Kazi hiyo haikukomesha misiba mara moja. Katika baridi ya mwaka 1950 na 1951 watu 98 walikufa katika Uswisi kwa maporomoko, wengi wao wakiwa nyumbani mwao. Tarehe 23 Februari 1999 poromoko moja liliua watu 31 katika kijiji cha Galtür, nchi ya Austria. Hayo yalikuwa ya theluji ya baridi kali, siyo ya majira ya kuchipua, lakini yaliwafundisha watu kuzidi kuupeleleza mlima.

Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilipatana juu ya kipimo kimoja chenye daraja tano. Daraja ya 1 ni hatari ndogo, na daraja ya 5 ni hatari kubwa kupita zote. Mngedhani wengi hufa katika daraja ya 4 na ya 5. Sivyo. Karibu nusu ya vifo vya matembezini hutokea katika daraja ya 3, iliyo katikati. Katika daraja za juu watu huogopa wakakaa nyumbani; katika ile ya kati huona jua zuri, wakajipa moyo.

Jinsi ya kupima

Sasa nitaeleza anavyofanya mtelezaji mwenye busara, toka jioni mpaka anaporudi.

Jioni huisoma taarifa. Wakati wa baridi taasisi ya Davos huitoa saa kumi na moja jioni na tena saa mbili asubuhi. Katika majira ya kuchipua huangalia hasa maneno yanayosema kwamba hatari itaongezeka kadiri mchana unavyoendelea. Kisha huifungua ramani, akatazama kila mteremko atakaoupita: ni mkali kiasi gani? Waelekea wapi? Kuna nini juu yake? Maana mtu huweza kuuawa mahali tambarare na theluji iliyotoka juu sana.

Usiku hutoka nje akatazama juu. Akiona nyota, hufurahi. Akiona mawingu, au akisikia mvua, hujua kwamba kazi ya usiku haikufanyika. Mvua juu ya theluji ni adui mkubwa, maana huleta maji mara moja bila kungoja jua.

Alfajiri hukanyaga theluji kwa kisigino bila skii. Ikimbeba, ni vema. Ikivunjika na mguu kuzama, ukoko ni mwembamba, nao hautalishinda jua hata kwa muda mfupi. Siku kama hiyo hurudi kitandani, au huchagua miteremko iliyolala. Tena hapimi mahali pamoja tu. Njiani huendelea kuchoma kwa fimbo yake, kwa kuwa mlangoni pa nyumba siyo mlimani.

Kabla ya kuondoka, wenzake wote wakisikia, hutaja saa ya kurudi. Jambo hili lapita yote kwa umuhimu. Saa huwekwa wakati akili ingali baridi na kilele kingali mbali. Ikisha kuwekwa, haibadilishwi kwa kusogezwa mbele. Hubadilishwa kwa kurudishwa nyuma tu.

Njiani hutazama dalili. Mipira ya theluji ikianza kubingirika yenyewe kutoka miambani, ni onyo la kwanza. Poromoko jipya katika mteremko unaoelekea upande ule ule ni onyo kubwa kuliko maneno ya mtu yeyote. Mguu ukizama kupita kifundo, saa imekwisha. Theluji ikitoa sauti nzito ya kudidimia chini ya miguu, au nyufa zikikimbia mbele ya skii, tabaka la chini limevunjika, na mtu hana budi kuondoka mteremkoni papo hapo.

Nyayo za wengine si ushahidi. Mtu akiona alama za skii hudhani kwamba njia ni salama. Lakini pengine aliyeziacha alipita jana saa tatu asubuhi, wakati sakafu ilikuwa ngumu, naye leo anataka kupita saa sita.

Mtihani wa kweli

Natoa mfano. Tuseme watu wanne wametoka saa kumi alfajiri, baada ya usiku wa nyota. Wamepatana kwamba saa nne asubuhi wataanza kushuka kwa upande wa mashariki, hata ikiwa hawajafika kileleni. Njiani ukanda wa skii ya mmoja ulikatika, wakapoteza saa nzima kuutengeneza. Sasa ni saa nne, na kilele wakiona: ni nusu saa tu. Upepo ni baridi, theluji wanayoikanyaga ni nzuri, mbingu haina doa. Mmoja asema, "Tumetoka mbali, nusu saa ni nini?" Mwingine anyamaza, kwa kuwa hataki kuonekana mwoga. Wa tatu ndiye aliyekatikiwa ukanda. Aona haya, hasemi neno.

Hapa elimu yote ya chembe na tabaka haisaidii kitu ikiwa hapana atakayefungua kinywa. Nusu saa ya kupanda, robo saa ya kupumzika, na jua la mashariki limekwisha kuupiga ule mteremko tangu alfajiri. Watakapofika katikati, sakafu itakuwa imeyeyuka. Waliosema tamaa mbele, mauti nyuma, hawakuwaza habari za theluji, lakini waliwajua wanadamu.

Wenye busara hugeuka hapo hapo walipo. Au, ikiwa wameisoma ramani vema, huwa wamejiwekea tangu jana njia ya pili, yenye mteremko uliolala au unaoelekea magharibi, ambako jua halijafanya kazi yake. Katika kundi lililo jema kuna sharti moja: mmoja akisema "Turudi," wote hurudi, hata akiwa mdogo wao, wala hapana amchekaye. Kilele hakihami, mwakani kitakuwapo.

Mtu akizikwa

Wajapojihadhari, hujiandaa kwa mabaya. Kila mmoja huvaa kifuani chombo kidogo cha simu ya upepo kinachotoa mlio usiosikika kwa masikio, ila chombo cha mwenzake huusikia na kuuelekea. Huchukua pia fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Vyombo hivyo vitatu ni kitu kimoja. Mwenye kimoja bila vingine hana kitu. Penye mteremko wa mashaka hupita mmoja mmoja, wengine wakimtazama toka mahali salama, ili ikiwa mmoja ametwaliwa wabaki wa kumchimbua.

Haraka yao ina sababu. Wanaotolewa katika dakika kumi za kwanza, karibu tisa katika kumi huwa hai. Baada ya nusu saa, wengi wamekwisha kufa kwa kukosa hewa. Watu wa bondeni, hata wakija kwa ndege, mara nyingi hufika wakati huo umepita. Kwa hiyo wokovu wa aliyezikwa uko mikononi mwa wenziwe walio karibu, nao ni lazima wawe wamejizoeza kabla ya siku hiyo.

Pamoja na elimu hiyo yote, Uswisi peke yake hupoteza watu kama 20 kwa mwaka kwa maporomoko. Wengi wao hawakuwa wajinga.

Basi, wasikilizaji wangu, nayafupisha maneno yangu, ili wanafunzi wayaandike daftarini. Theluji ya majira ya kuchipua hufungwa na usiku wa nyota, na hufunguliwa na jua. Upande wa mashariki hufunguka kwanza, na wa kaskazini mwisho. Usiku wa mawingu ukipita, mlima haukufungwa. Mguu ukizama, saa imekwisha. Na saa ya kurudi huwekwa nyumbani, haiwekwi kileleni.

Nakomea hapa. Kwaherini.